Mwenyeji na Raia: Je, Uraia ni Haki au ni Fadhila?

Kila mwalimu wa Kiswahili aliyepata kufundisha msamiati wa nchi na utawala amekwisha kuulizwa swali hili: kuna tofauti gani kati ya mwenyeji, mwananchi na raia? Jibu jepesi ni kwamba maneno yote matatu humtaja mtu aliye kwao. Jibu hilo latosha kwa mtihani, bali halitoshi kwa maisha; kwani wako watu wengi duniani waliokuwa wenyeji tangu zama zisizohesabika, wakawa wana wa nchi kwa kuzaliwa na kuzikwa humo, na bado wakalazimika kupigana kwa vizazi kadhaa ili waitwe raia. Katika makala haya twakusudia kuitazama habari ya watu hao, hasa wenyeji wa asili wa Australia, na kuuliza swali la maadili lililomo ndani yake: uraia ni kitu gani hata mtu apewe au anyimwe katika nchi ya babu zake?

Tuanze na maneno yenyewe, maana huko ndiko kwetu. "Mwenyeji" ni mwenye mji. Ndiye ampokeaye mgeni, ndiye ajuaye kisima kilipo na kaburi la nani liko chini ya mti upi. "Mwananchi" ni mwana wa nchi. Neno hili lina undugu ndani yake, maana watoto wa mama mmoja hawaulizani hati. "Raia" ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kundi linalochungwa. Raia wa zamani alikuwa mtu aliye chini ya mtawala, kama kondoo walivyo chini ya mchungaji. Siku hizi neno hilo limepata heshima nyingine: raia ni mtu mwenye haki mbele ya dola, apigaye kura, asiyeweza kufukuzwa kwao. Basi ndani ya neno moja tuna maana mbili zinazopingana: raia achungwaye na raia mwenye sauti. Tuziweke maana hizi mbili moyoni, kwani historia tutakayoieleza yote imo kati yao.

Kundi lisilohesabiwa

Waingereza walitia nanga katika ghuba ya Sydney tarehe 26 Januari 1788, wakiongozwa na Arthur Phillip, na merikebu zao zimejaa wafungwa. Bara walilolifikia lilikuwa limekaliwa kwa makumi ya maelfu ya miaka na watu wenye lugha zaidi ya mia mbili, wenye sheria, mipaka na miiko yao. Hata hivyo wageni hao hawakufanya mapatano na yeyote. Sheria yao iliichukulia nchi hiyo kuwa ardhi isiyo na mwenyewe, na kwa hiyo haikuonekana haja ya kuiomba wala kuinunua. Wenyeji wakahesabiwa kuwa raia wa mfalme wa Uingereza. Lakini raia kwa maana ipi? Kwa maana ile ya kwanza, ya kundi. Waliweza kuadhibiwa kwa sheria ya mfalme, ila hawakuweza kuitumia sheria hiyo kudai mawindo na visima vyao. Katika koloni la New South Wales, kwa miaka mingi ushahidi wao haukupokewa mahakamani, kwa kuwa hawakuweza kula kiapo cha Kikristo.

Si kwamba mlango ulifungwa kila mahali. Katika koloni la South Australia, haki ya kupiga kura waliyopewa wanaume mwaka 1856 haikuwatenga wenyeji, na sheria ya mwaka 1894 ikawapa wanawake haki hiyo hiyo. Katika kituo cha misheni cha Point McLeay wenyeji, wanaume kwa wanawake, walipiga kura katika miaka ya 1890. Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana lavunja hoja ya wale wasemao kwamba watu wa zamani wasingeweza kufikiri vinginevyo. Waliweza, na baadhi yao walifikiri.

Makoloni sita yalipoungana kuwa nchi moja tarehe 1 Januari 1901, katiba mpya iliwataja wenyeji wa asili mara mbili tu, na mara zote mbili ni kwa kuwatoa. Kifungu cha 51 kililipa Bunge la Shirikisho uwezo wa kutunga sheria kwa ajili ya watu wa mbari yoyote, isipokuwa wenyeji wa asili walio katika majimbo. Kifungu cha 127 kilisema kwamba watu wa nchi wakihesabiwa, wenyeji wa asili wasitiwe katika hesabu. Mwaka 1902 ikafuata sheria ya uchaguzi. Sheria hiyo iliwapa wanawake kura mapema kuliko nchi nyingi za dunia. Lakini hiyo hiyo ilimnyima kura mwenyeji wa asili wa Australia, wa Asia, wa Afrika na wa visiwa vya Pasifiki, isipokuwa New Zealand, ikawabakiza wachache tu waliokwisha kuwa na haki hiyo katika majimbo yao. Msomaji wa Afrika atatambua kwamba naye yumo katika sentensi hiyo. Tofauti ni moja: Mwafrika alinyimwa kura katika nchi ya wengine, na mwenyeji wa Australia alinyimwa katika nchi yake mwenyewe.

Hoja ya kwanza: uraia ni fadhila

Waliotetea hali hiyo hawakujiona waovu. Walikuwa na hoja, na hoja hiyo yafaa kusikilizwa kabla ya kujibiwa. Walisema kwamba uraia ni daraja ya ustaarabu. Dola ndiyo iliyouumba, nayo yaweza kumpa anayestahili na kumcheleweshea asiye tayari. Kwa mawazo hayo mwenyeji alikuwa kama mtoto: atapewa funguo za nyumba atakapokua.

Jimbo la Western Australia liliitia hoja hiyo katika sheria mwaka 1944. Mwenyeji aliyetaka uraia alipaswa kuomba mbele ya hakimu. Alitakiwa athibitishe kwamba kwa miaka miwili iliyopita alikuwa ameachana na kabila lake na wenyeji wenzake, isipokuwa jamaa zake wa karibu kabisa. Kwamba ajua kusema Kiingereza. Kwamba ana tabia njema na bidii ya kazi. Na kwamba hana ukoma wala maradhi mengine yaliyotajwa. Akifaulu alipewa cheti chenye picha yake. Cheti hicho kingeweza kufutwa. Huko New South Wales nako kulikuwa na vyeti vya kumwondoa mtu chini ya sheria za wenyeji, na watu walivibandika jina chungu: kibali cha mbwa.

Sisi tuliolelewa na methali isemayo "Mwacha asili ni mtumwa" tutaona mara moja kasoro ya sheria hiyo. Ilimwambia mtu: acha asili yako, nasi tutakuita huru. Aliyekuwa na shangazi, binamu na wazee wa ukoo alitakiwa awaache ili apewe karatasi. Na aliyekataa kuwaacha alihesabiwa kuwa hajastaarabika. Katika maadili ya watu wengi, na ya kwetu pia, amwachaye nduguye kwa ajili ya faida ndiye asiye na utu. Sheria iliugeuza uovu huo ukawa sharti.

Kisa cha mchoraji Albert Namatjira chatuonyesha mwisho wa njia hiyo. Alizaliwa mwaka 1902 huko Hermannsburg, katikati ya Australia, mtu wa kabila la Waarrernte. Picha zake za rangi za maji, zenye milima na miti ya nchi yake, zilinunuliwa na kutundikwa katika nyumba za nchi nzima, na mwaka 1954 alipelekwa Canberra kuonana na Malkia. Pamoja na sifa hizo, alipotaka kujenga nyumba katika mji wa Alice Springs alikataliwa kwa kuwa ni mwenyeji. Mwaka 1957 serikali ilipotoa daftari la wenyeji wa Northern Territory waliowekwa chini ya ulezi wake, iliyaacha nje majina ya Namatjira na mkewe Rubina. Kwa hiyo wakawa raia kamili, na jamaa zao karibu wote wakabaki walelewa wa serikali. Raia aliruhusiwa kununua pombe. Mlelewa hakuruhusiwa, na kumpa mlelewa pombe kulikuwa kosa. Lakini kwa desturi ya watu wake, mtu akipata kitu hukila pamoja na wenziwe. Mwaka 1958 Namatjira alishtakiwa kwa kumpa mwenzake pombe, akahukumiwa kifungo cha miezi sita, kikapunguzwa hadi mitatu, akakitumikia kiasi cha miezi miwili. Alifariki tarehe 8 Agosti 1959.

Hatusemi kwamba pombe ni jambo jema. Twasema kwamba mtu huyu aliwekwa mahali ambapo kutii sheria ya dola kulikuwa kuvunja sheria ya ukoo, na kutii sheria ya ukoo kulikuwa kwenda gerezani. Uraia aliopewa ulimtenga na watu aliozaliwa nao pasipo kumpa watu wengine. Fadhila ya namna hiyo hufanana na kumvua samaki mmoja majini na kumpongeza kwa kupata nchi kavu.

Hoja ya pili: uraia ni malipo

Iko hoja nyingine iliyotumiwa na wenyeji wenyewe na marafiki zao. Ilisema kwamba uraia ni ujira wa utumishi: aliyeimwagia nchi damu yake amekwisha kuununua. Wenyeji wa Australia walipigana katika vita vyote viwili vya dunia. William Cooper, mzee wa Wayorta Yorta na mmoja wa viongozi wakubwa wa harakati hizi, alifiwa na mwanawe Daniel katika vita vya Ubelgiji mwaka 1917. Mwana alikufa kwa ajili ya dola ambayo haikumhesabu baba. Mwaka 1949 Bunge lilikubali kwamba mwenyeji aliyetumika jeshini aweza kupiga kura ya shirikisho.

Hoja hii ina nguvu mdomoni. Humwaibisha mnyimaji, na aliyedhulumiwa ana haki ya kuitumia silaha aliyonayo. Lakini tukiipima kwa mizani ya maadili twaona kwamba haiwezi kubeba mzigo wote. Kama uraia hununuliwa kwa damu, basi mama aliyebaki nyumbani, kipofu, mtoto na mzee hawana cha kununulia. Tena wananchi wengine hawakuulizwa wamelipa nini. Mtoto wa mhamiaji aliyezaliwa Melbourne alikuwa na haki zake tangu kitandani. Bei inayodaiwa kwa mmoja na kusamehewa kwa mwingine si bei, ni ubaguzi uliovaa kanzu ya biashara.

Hoja ya tatu: uraia ni haki

Tarehe 26 Januari 1938 Australia ilisherehekea miaka 150 tangu merikebu za Phillip kutia nanga. Serikali ilileta wenyeji kutoka vituo vya bara waigize siku ile ya kufika wageni. Siku hiyo hiyo, katika ukumbi mmoja wa Sydney, wenyeji wengine walikutana na kuitangaza kuwa Siku ya Maombolezo. Waliongoza William Ferguson na Jack Patten, na Cooper alikuwapo kutoka Melbourne. Walidai hadhi ya raia kamili na usawa katika jamii. Mambo mawili yafaa kuangaliwa hapo. Kwanza, hawakudai kwa unyenyekevu wa mwombaji. Walidai kama mtu adaiye mali yake iliyokaliwa na mwingine. Pili, walichagua siku ya sherehe. Waliwafahamisha wenzao kwamba siku moja yaweza kuwa arusi katika nyumba moja na msiba katika nyumba ya pili, hali nyumba zote mbili zimo katika kiwanja kimoja.

Cooper alikuwa amekusanya sahihi 1,814 katika maombi ya kumpelekea Mfalme wa Uingereza, mojawapo likiwa kwamba wenyeji wawe na mjumbe wao katika Bunge. Serikali ilikataa kuyapeleka. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1938, mzee huyu asiyekuwa na haki kamili kwao aliongoza ujumbe hadi kwa balozi mdogo wa Ujerumani mjini Melbourne kulalamikia mateso ya Wayahudi. Twaitaja habari hii kwa sababu yajibu hoja ya "ustaarabu kwanza" kuliko maneno mengi. Yupi alikuwa tayari kwa uraia: yeye aliyeutambua uchungu wa watu asiowajua, au wale waliomwambia angoje?

Sheria ya uraia ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1949, na kwa sheria hiyo kila aliyezaliwa Australia, mwenyeji akiwamo, akawa raia wa Australia. Mtu angedhani kwamba hapo kazi imekwisha. La hasha! Jina lilitolewa, haki zikabaki kabatini. Raia huyu mpya aliweza kukatazwa kuhama, kuoa bila ruhusa, kuupokea mshahara wake mwenyewe na hata kukaa na watoto wake, kulingana na sheria za jimbo alimokaa. Kura ya shirikisho ilifunguliwa kwa wenyeji wote mwaka 1962, na jimbo la mwisho kufungua kura yake lilikuwa Queensland mwaka 1965. Ndiyo maana twasema kwamba neno laweza kutangulia miaka mingi kabla ya maana yake.

Tarehe 27 Mei 1967 wananchi waliulizwa kwa kura kama maneno yale ya kuwatenga wenyeji yafutwe katika katiba. Baada ya kampeni ya miaka kumi, iliyokuwa na watu kama Faith Bandler, zaidi ya asilimia 90 walijibu ndiyo. Wengi husema kwamba kura hiyo ndiyo iliyowapa wenyeji uraia au haki ya kupiga kura. Sivyo, kama tulivyokwisha kuona. Ilichofanya ni kufuta agizo la kutowahesabu na kuliruhusu Bunge la Shirikisho kutunga sheria kwa ajili yao. Hata hivyo watu hawakukosea walipoifurahia. Mtu aliyeachwa nje ya hesabu kwa miaka zaidi ya sitini hufurahi kusikia jina lake likitajwa.

Wale waliokataa

Hadi hapa msomaji aweza kusema: basi jambo ni rahisi, uraia ni haki, wote wapewe. Lakini wako wenyeji waliopewa uraia wakaukataa, nao watulazimisha kufikiri zaidi.

Marekani iliwafanya wenyeji wake wa asili wote kuwa raia kwa sheria ya tarehe 2 Juni 1924. Miaka arobaini kabla, mwaka 1884, mahakama kuu ya nchi hiyo ilikuwa imemkatalia John Elk uraia, ingawa aliacha kabila lake na kukaa mjini Omaha. Sasa wote wakapewa kwa siku moja, hata wasioomba. Miongoni mwa Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa sita yaliyofanya mikataba na wazungu kabla Marekani haijazaliwa, wengi walikataa. Walisema: sisi ni taifa, tulipatana nanyi kama jirani na jirani, je, jirani aweza kuamka asubuhi na kukutangaza kuwa mtoto wake? Mwaka mmoja kabla, mwaka 1923, chifu wao Deskaheh kutoka upande wa Kanada alikuwa amekwenda Geneva kuomba Ligi ya Mataifa imsikilize. Mlango haukufunguliwa.

Huko Australia nako, Januari 1972, vijana wanne wa kienyeji walisimamisha mwavuli kisha hema mbele ya Bunge mjini Canberra, wakaliita ubalozi. Ulikuwa mzaha mkali wenye hoja ndani yake: watu walioitwa raia walisema kwamba bado hutendewa kama wageni, na mgeni huhitaji balozi.

Tujifunze nini kwao? Twaona kwamba uraia una pande mbili. Upande mmoja ni haki, na haki hiyo hakuna awezaye kumnyima mtu aliye kwao. Upande wa pili ni mapatano ya kukaa chini ya dola moja, na mapatano hayawi mapatano mpaka pande zote mbili ziketi mkeka mmoja. Mahali ambapo mwenyeji hakuulizwa, hata zawadi huonja kama unyang'anyi wa pili.

Walimu wa lugha tuna la kujifunza zaidi katika Mkataba wa Waitangi, uliotiwa sahihi New Zealand mwaka 1840 kati ya Waingereza na machifu wa Wamaori. Uliandikwa katika lugha mbili. Katika maandishi ya Kiingereza machifu walitoa mamlaka yote ya nchi. Katika yale ya Kimaori walitoa neno lililoundwa kutokana na "gavana", yaani utawala wa gavana, na wakahakikishiwa uchifu wao. Wamaori waliahidiwa pia haki za raia wa Uingereza. Mabishano yaliyozaliwa na tofauti hiyo ya maneno hayajaisha hata leo. Anayedhani kwamba tafsiri ni kazi ya kubadilisha maneno tu na aisome habari hiyo.

Upanga wa makali mawili

Sasa twafika mahali pagumu. Tumesema kwamba mwenyeji ana haki kwa sababu ni mwenyeji. Je, asiye mwenyeji hana? Sisi wa Uganda hatuna ruhusa ya kulikwepa swali hili. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa watu wenye asili ya Bara Hindi siku 90 waondoke. Wengi wao walizaliwa hapa, na wengine walikuwa na hati za uraia zilizokataliwa dirishani. Neno lililotumika kuhalalisha tendo hilo lilikuwa ni lile lile: wenyeji. Upanga uliomtetea mnyonge wa Australia ukatumika kumfukuza mnyonge wa Kampala.

Twaona njia ya kutoka ni kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni usawa wa wote waishio pamoja chini ya sheria moja; huu haupimwi kwa kuuliza babu wa nani alitangulia. La pili ni deni. Watu walionyang'anywa nchi pasipo mapatano wanadai kitu ambacho jirani zao hawadai. Kuwalipa deni hilo si kuwapendelea, na kuwalipa hakumpunguzii mwingine uraia wake. Mwenyeji anadai chake. Hadai mwenziwe atolewe.

Tofauti hii yatusaidia kuelewa mambo ya miaka ya karibuni. Mwaka 1966 Wagurindji wa Wave Hill, wakiongozwa na Vincent Lingiari, waliacha kazi katika shamba la mifugo. Wengi walidhani wanataka mshahara. Wao walitaka nchi yao. Tarehe 16 Agosti 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alimmiminia Lingiari mchanga kiganjani kuwa alama ya kuirudisha ardhi. Mtazamaji aweza kuiona ishara hiyo kama zawadi, lakini kurudisha si kuzawadi. Tarehe 3 Juni 1992, katika kesi iliyofunguliwa na Eddie Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer, mahakama kuu iliikataa ile nadharia ya ardhi isiyo na mwenyewe. Mwaka 2020 mahakama hiyo hiyo, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, iliamua kwamba mwenyeji wa asili aliyezaliwa nje na asiye na uraia wa Australia hawezi kuhesabiwa kuwa mgeni wa kufukuzwa. Tazama jinsi Kiswahili kinavyoieleza hukumu hiyo kwa urahisi: mtu aweza asiwe raia, na bado akawa mwenyeji.

Hata hivyo tarehe 14 Oktoba 2023 wapiga kura wa Australia, kiasi cha asilimia 60, walikataa pendekezo la kuwapa wenyeji chombo cha kulishauri Bunge na Serikali kilichotajwa katika katiba. Baadhi ya waliokataa walisema kwamba raia wote ni sawa, na sauti ya ziada huvunja usawa. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, na wako wenyeji waliokataa kwa sababu nyingine, wakiona chombo hicho ni kidogo mno. Lakini fikiri: mtu akitwaa shamba la jirani yake, kisha baada ya miaka mingi akamwambia, "Tangu leo sisi ni sawa, kila mtu alime lake," usawa huo una faida gani kwa asiye na shamba? Na wale wasemao kwamba walionyang'anya wamekwisha kufa, tuwakumbushe kanuni ya mirathi: deni la marehemu hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Arithiye shamba hurithi na deni lake.

Tusiwe wepesi kuwahukumu watu wa mbali. Katiba yetu ya mwaka 1995 humtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu ambaye mzazi au babu yake ni wa jamii za wenyeji zilizokuwamo Uganda tarehe 1 Februari 1926, na jamii hizo zimeorodheshwa. Watwa wamo katika orodha hiyo. Lakini mwaka 1991, misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa, Watwa waliokuwa wakiitegemea waliondolewa, na wengi wakabaki bila ardhi. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2021, Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba waliachwa bila fidia ya kutosha. Hakuna aliyewanyima jina la raia. Jina wanalo, msitu hawana. Hao ndio wenyeji wa kweli katika maana ya neno, wenye kujua kisima kilipo na kaburi la nani liko chini ya mti upi, nao ndio wanaohitaji ruhusa ya kuingia.

Walimu wenzetu, swali la wanafunzi kuhusu maneno haya matatu halina jibu la mstari mmoja, na lisitafutiwe. Twapendekeza lipewe kipindi kizima cha mjadala. Mwanafunzi aulizwe: uraia ukitolewa kwa sharti la kumwacha ndugu, je, upokewe? Ukitolewa bila kuulizwa, je, ni haki? Na mwenye jina la raia lakini hana mahali pa kulima wala pa kuzika, amepewa nini? Majibu yatatofautiana, nasi tusiharakishe kuyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Na ikiwa darasani yumo mtoto wa Kitwa, au mtoto ambaye babu yake alikuja kwa meli kutoka Bombay, na apewe nafasi ya kusema kwanza, naye asisemewe.